Mikono Kumi na Tisa ya Turubai

Hooyo, mama yangu,

Najua dua ndiyo inayokufikia, na dua nakuombea kila nikikaa kwenye mswala. Barua hii ni ya kunituliza mimi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika kabla sijatoka shule darasa la sita. Kisomali chetu nakijua mdomoni tu. Ulikuwa ukiniambia, "Andika, halafu unisomee." Basi nikimaliza nitakusomea, polepole, Ayaan asiamke.

Nimechoka, Hooyo. Nianzie hapo, maana wewe ungeliona usoni kabla sijasema. Tangu tukuzike ni miezi minne. Alfajiri nachoma mikate ya anjera, nawasha jiko la chai, namfunga mtoto mgongoni, nafungua dirisha la karavani, na ikifika adhuhuri miguu hii ni kama ya mtu mwingine. Baba Ayaan yuko njia ya Mandera na lori, anakuja akipata nafasi.

Karavani iko pale pale ulipoiweka, kando ya barabara, mawe chini ya magurudumu. Wageni bado wanauliza hili ni gari gani lisilo na injini. Nawajibu kama ulivyokuwa ukiwajibu, kwamba wajenzi wa barabara walikuwa wakilala humo, barabara ikaisha, wakaiacha, mama yangu akaichukua akapika chai.

Lakini turubai la mbele halikukaa hata wiki tatu baada yako. Jua lilikuwa limelimaliza, likachanika juu mpaka chini siku ambayo hata upepo haukuwa mkali. Kuanzia hapo jua la alasiri likawa linamfuata Ayaan pale pale anapolala. Akatoka vipele vya joto shingoni, mgongoni, akawa analia mpaka wateja wanahama na vikombe vyao. Habari zikafika Banissa kwa kaka yako, Abti Gedi. Akapiga simu. Hakugomba. "Nitakuja baada ya Ijumaa mbili," alisema. "Nikikuta mtoto anachomwa na jua, mnafunga hiyo bati, mnakuja kwetu kwa mbuzi." Unajua sauti yake ikishuka hivyo ameshaamua.

Mimi sitaki kuhama, Hooyo. Hapa ndipo ulipo.

Sokoni nilikuta maturubai mawili yaliyoshonwa tayari. Moja dogo, la kufunika dirisha tu. Jingine kubwa kama la arusi. Batula jirani, yule wa maandazi, akanisukuma nichukue kubwa. "Kivuli kikizidi nani atalalamika?" Nikakumbuka maneno yako. Likipita mtaro, watu wa kaunti watalikata. Likiwa refu mbele, upepo utaling'oa na nguzo zake. Mbele mikono mitano, basi. Na ile wiki yako ya mwisho, ukiwa umelala, ulinishika kidole ukasema, "Upana mikono kumi na tisa, kutoka ardhini mpaka ardhini. Usisahau." Sikusahau. Unaanzia chini kwenye kona, unapanda ukifuata ule mfereji mwembamba wa bati, unapita juu, unashuka kona ya pili mpaka chini. Turubai linaning'inia kwenye ule mfereji, na mbavu zake lazima ziguse ardhi, la sivyo jua na vumbi vinaingia kwa chini.

Basi nikaenda Galbet kwa fundi Dakane, nikamwambia ashone, mikono kumi na tisa. Akaniuliza, "Mkono wa nani?"

Nikamwambia mkono ni mkono. Kiwiko mpaka ncha ya kidole, kila mtu anajua. Akaniangalia, akaweka utepe wake kwenye mkono wangu, akapiga hesabu. Akasema afadhali nirudi nikapime karavani yenyewe. Mtoto alikuwa analia, na mimi nilikuwa nimechoka. Lakini sikudanganyi, haikuwa hivyo tu. Kitu ulichokipima wewe, mimi nani nikipime tena? Niliona kama nakukosoa.

Siku ya kulitundika, kamba iliyoshonewa ukingoni iliteleza kwenye mfereji vizuri kabisa, kijani kizuri, nikafurahi. Halafu nikatazama chini. Mbavu zote mbili zilikuwa zinaning'inia hewani, shubiri moja na vidole vitatu kutoka ardhini. Nikivuta kushoto, kulia kunapanda. Batula akaja na glasi yake mkononi. "Mashallah, turubai limekuwa sheikh. Limevaa suruali juu ya kifundo." Wanaume wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha nikaingia ndani nikakaa kwenye kigoda chako, nikalia na unga mikononi.

Sikulia kwa ajili ya turubai. Nilikuwa nimeutazama mkono wangu. Lile kopo la majani ya chai kwenye rafu ya juu, mpaka nimekuwa mama wa mtu ni wewe uliyekuwa ukinishushia. Ulikuwa na mikono mirefu, Hooyo. Miezi minne tu, nami nimesahau urefu wa mkono wako.

Asubuhi yake nikamfunga Ayaan mgongoni nikapiga magoti kwenye kona ili nipime mwenyewe. Hapo ndipo nilipoiona, kwenye bati, mikwaruzo ya msumari, mmoja juu ya mwingine, inapanda. Ni wewe. Kila mkono ulioupima uliuwekea alama. Miaka yote nimepita pale na ndoo sikuiona. Nikaweka kiwiko kwenye mkwaruzo wa kwanza nikanyoosha vidole. Sikufika wa pili. Vilibaki vidole viwili.

Nikakaa pale na mkono wangu ndani ya mkono wako. Sijui muda gani. Mteja mmoja alikuja akaniita, akaona, akajimiminia chai mwenyewe.

Halafu nikapima. Nilisimama juu ya kreti, nikafuata mfereji, nikashuka upande wa pili. Kwa mkono wangu ni ishirini, na shubiri isiyotimia. Nikalirudisha turubai Galbet. Fundi Dakane akasema, "Si nilikuuliza?" Kitambaa cha kijani kilikuwa kimekwisha, akaunga cha bluu pande zote mbili. Kwa hiyo sasa lina miguu ya bluu. Batula anasema sheikh amevaa soksi.

Abti Gedi alikuja kama alivyosema. Alikaa alasiri nzima. Jua likisogea anasogeza kiti, akitafuta tundu linapoingilia. Akainua ukingo wa bluu kwa bakora yake aone kama kweli unagusa chini. Ayaan alilala muda wote, shingo kavu, mdomo wazi. Mwisho Abti akasema, "Chai yako ina iliki nyingi, kama ya dada yangu," akaomba kikombe kingine. Habari za Banissa hakuzitaja. Wakati wa kuaga aliniambia neno moja tu: "Ukisikia upepo, lishushe mapema."

Nitalishusha mapema, Hooyo. Hilo nakuahidi. Na ile mikwaruzo sitaipaka rangi. Uchovu bado upo, lakini jana Ayaan alijishika kwenye gurudumu akasimama, akaanguka, akasimama tena. Ukubwani atakuwa mrefu kama wewe, naona mikono yake. Siku akiniuliza turubai letu ni la ukubwa gani, sitamtajia hesabu yako wala yangu. Nitampa msumari, nimwambie aanzie ardhini.

Kwaheri, mama yangu. Mwenyezi Mungu akuweke kwenye kivuli chake, ambacho hakuna haja ya kukipima.

Mwanao,
Sahra