Ukuta Laini

2 Februari

Mdogo wangu,

Habari za hapo nyumbani? Baba hajambo? Mimi mzima, ila roho inachemka. Hii ni mara ya pili nakuandikia kuhusu zile mbao za ukuta wa sebuleni, na wewe kimya, kama umetia pamba masikioni. Wakwe zangu wanakuja hapo nyumbani kututembelea mwezi ujao. Siwezi kuwakalisha kwenye sebule ya mbao tupu kama ndani ya kabati. Zipake nyeupe. Na usipake juu juu: ziba kwanza ile mianya kati ya ubao na ubao, piga msasa, nataka ukuta laini. Rangi nimeshatuma, kilichobaki ni mkono wako tu.

Dada yako

16 Februari

Dada,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na mkono wangu nao haujambo, asante kwa kuukumbuka.

Nimeziba kila mwanya kwa puti, nimepiga msasa mpaka nakohoa vumbi, nimepaka mara mbili. Ukuta ni laini kama sahani. Baba aliuliza hiyo harufu ni ya nini, nikamwambia ni rangi, dada kasema. Haya, furahi.

Mdogo wako

5 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zako utazipata siku nyingine. Jirani mshonaji ameniandikia. Anasema Baba amepasuka mdomo, anashinda kitini kutwa, na wewe unamshika mkono mpaka chooni kama mtoto. Ni Baba yule yule aliyekuwa akizunguka nyumba nzima mwenyewe tangu macho yake yalipozima? Umemfanya nini?

Dada yako

9 Machi

Dada,

Shikamoo. Unauliza nimemfanya nini. Nimemfanya ulivyoniagiza.

Baba hakuwa akizunguka kwa miujiza. Alikuwa akipitisha vidole kwenye ile mianya. Mbao alizipigilia mwenyewe: za kuelekea chumbani kwake nyembamba, za kuelekea chooni pana. Akigusa, anajua alipo. Rangi ilipokauka aliinuka, akaweka mkono ukutani, akapapasa, akapapasa tena, hakukuta kitu. Akageuka kutafuta kiti, akajigonga kwenye kona ya meza. Damu nilifuta mimi.

Nina hasira na wewe. Nina hasira na mimi pia, niliyeviona vidole vile kila siku na nisifikiri. Wanasema asiyekuwapo na lake halipo. Baba alikuwapo, ameketi pale pale, na lake halikuwapo.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Habari zenu. Mdomo wa Baba umepona? Nimelia, kisha nikakasirika upya. Wewe unakaa naye na macho unayo. Ungeniandikia mstari mmoja tu, ningeacha. Wakwe nimewaambia wasije. Baba namchukua, aje akae kwangu. Chumba kipo, na mtu wa kumshika mkono yupo. Mfungashie nguo. Sitaki ubishi.

Dada yako

28 Machi

Dada,

Shikamoo. Mdomo umepona. Barua yako nilimsomea Baba yote, sikuruka neno. Akaniambia nimletee sanduku lake la patasi. Nikakataa. Akapiga magoti akalitafuta mwenyewe, akalikuta chini ya kitanda.

Sasa ukuta wako ni majeraha matupu. Amechimba puti kwa kupapasa. Kuna mahali amepitiliza akachana ubao, na mahali pengine amechonga mwanya ambao haukuwapo tangu mwanzo. Rangi imebanduka vipande vipande, na unga mweupe umeingia mpaka kwenye sufuria. Nilipotaka kumsaidia aliniambia nikae mbali, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nikiwa shule. Nguo nilizofungasha amezirudisha kabatini.

Nikamuuliza nikuandikie nini. Akasema, "Mwambie nimepofuka, sijafa. Na wewe ujiambie hivyo hivyo."

Kisha akashika ukuta, akaenda chooni peke yake, akafunga mlango kwa ndani.

Mdogo wako