Majina Nyuma ya Picha

Columbus, 8 Desemba 2014

Babu mpendwa,

Shikamoo. Moyo unaendeleaje? Dada Rakeli anayekutunza bado anakupikia ule uji mzito usioupenda? Mimi ni mzima, ila nimechoka.

Wiki iliyopita watu waliandamana hapa, wakidai haki ya weusi waliouawa na polisi. Nilikuwemo, lakini kamera niliitoa kesho yake, kelele zilipokwisha: mabango ya boksi yaliyolowa, chaki iliyobaki barabarani, watu wamekaa kwenye ngazi kama waliotoka mazikoni. Mama mmoja alikuwa akikwangua nta ya mishumaa, akanicheka: "Umechelewa, binti! Jana ndiyo tulikuwa wazuri." Nikamwambia nawataka wa leo. Akaniruhusu.

Kila niliyempiga picha, jina lake nimeliandika nyuma ya picha hiyo, kushoto kwenda kulia, kama ulivyonifundisha kule kambi ya wakimbizi. Kuna mtu amenipigia simu akitaka nakala zenye majina. Anasema anatunza kumbukumbu za mji. Nitampa baada ya Krismasi.

Mama anakusalimu kutoka Louisville.

Mjukuu wako,
Aline


Buffalo, 13 Desemba 2014

Mjukuu wangu Aline,

Marahaba. Theluji imefika dirishani. Nesi hasemi tena "utapona", anasema "tutaona". Rakeli ameniona nikiandika tangu asubuhi, akauliza, "Mzee, hiyo ni barua au wosia?" Nimemwambia alete chai.

Usimpe mtu huyo picha. Labda hana ubaya wowote, lakini usimpe, na majina uyafute. Nitakueleza kwa nini, maana sina muda wa kuahirisha.

Mwaka 1972, mwaka wa mauaji ya wasomi, nilikuwa mwalimu Burundi, na kamera ya shule niliitunza mimi. Unajua kwamba babu yako wa damu, mwalimu Azarias, alichukuliwa na wanajeshi pamoja na wenzake, na kwamba nilivuka mpaka nikiwa na mama yako mgongoni. Hayo ni kweli. Lililobaki ni hili. Asubuhi ile waliyochukuliwa, ofisa aliingia akaomba picha ya walimu. Nilimpa. Nyuma nilikuwa nimeandika majina kumi na moja, kushoto kwenda kulia. Langu halikuwemo, kwa sababu aliyeshika kamera hayumo pichani. Ofisa alisifu mwandiko wangu. Nikasema asante.

Usinitetee kwamba sikujua. Karani wa shule alikuwa amechukuliwa siku moja kabla, na hakurudi. Nilijua. Niliogopa kwamba akikosa picha ataniuliza jina langu.

Kila Pasaka mama yako husimama kanisani akanishukuru kwa kumwokoa. Miaka yote hiyo nimeinamisha kichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

Sijui nikuombe nini.

Babu yako,
Karoli


Buffalo, 4 Januari 2015

Aline,

Heri ya mwaka mpya. Hujambo? Simu yangu hupokei. Anayeandika ni Rakeli, mkono wangu umekataa, kwa hiyo sisemi mengi. Nijibu tu kama majina umeyafuta.

Babu


Columbus, 11 Januari 2015

Babu,

Shikamoo. Afya sikuulizi, dada Rakeli ameniambia yote kwa simu. Barua hii isome mwenyewe, hata kama itakuchukua siku nzima.

Picha sikumpa. Nimezunguka na basi siku nne nikiwarudishia wenyewe. Mmoja alidhani nauza, akaanza kuniomba nimpunguzie bei.

Nilitaka kukuandikia kwamba ulikuwa kijana na uliogopa. Kila nikianza, nawaona watu kumi na moja wametulia, wanakuangalia wewe ili picha itoke vizuri. Nimechana karatasi nyingi.

Sijakusamehe. Wala sidhani kwamba mimi ndiye wa kusamehe. Baba yake mama ndiye aliyechukuliwa. Jana nilimpigia mama. Nimemwambia una neno lake ambalo hujawahi kumwambia. Akauliza, "Anaumwa sana?" Nikasema ndiyo. Amebadilishana zamu na mwenzake kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, na Jumamosi asubuhi atashuka kwenye basi hapo Buffalo. Amenunua sweta la kukuletea. Sikumwambia zaidi, na sitamwambia.

Babu, usife kabla hajafika.

Mjukuu wako,
Aline