Diski ya Harusi ya Swafiya

Barani, Malindi
14 Januari 2025

Kwa binti yangu Sumeiya,

Assalaam alaykum. Baada ya salamu, sisi huku hatujambo, ila goti langu la kushoto limeanza ukorofi wake. Wewe na mumeo mu wazima? Huko Muscat baridi imeingia?

Sikutaka haya niyaseme kwa simu. Kila tukizungumza mumeo yuko kando, namsikia. Barua nampa mke wa Abdalla akuletee, na nimeibandika gundi. Ukiipata imefunguliwa, niambie.

Kibibi, mwana wa dadako, amenishinda. Juzi aliniuliza sauti ya mamake ilikuwaje. Nikamwambia ilikuwa nzuri. Akauliza nzuri vipi. Wajua alizaliwa siku ile ile tuliyomzika Swafiya. Basi nikaikumbuka ile kaseti ndogo ya video ya kupamba, sherehe ya wanawake watupu, ya harusi ya dadako. Imeota ukungu mweupe kwa hewa hii ya chumvi, na kamera yake ilikufa zamani.

Nikaipeleka kwa kijana mmoja mjini anayehamisha kaseti. Akasema, "Iache mama, uje kesho." Kesho ya nini? Mle ndani wake za watu wako vichwa wazi, wanacheza. Walikubali kupigwa picha kwa sababu niliwaapia haitatoka kwangu wala haitaonwa na mwanamume. Wengine wamekwisha kufa. Nikachukua kaseti yangu nikaondoka. Niambie la kufanya.

Mamako


Muscat
2 Februari 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, na pole kwa goti. Barua imefika na gundi yake.

Usikubali wakutilie kwenye simu wala fleshi, maana hiyo itatembea. Diski ni bora, na deki unayo. Lakini diski haziko sawa, Mama. Taka DVD ya kawaida. Blu-ray deki yako haitaijua. Iwe ya kuandikwa mara moja tu, si ile ya kufutwa na kuandikwa tena. Ile deki nyingi huikataa, na mtu aweza kuifuta bila kujua. Ya mara moja utaiona ina alama ya kutoa kabla ya herufi R, na R iwe peke yake. Hiyo ndiyo inayokubaliwa na deki za zamani na za sasa, na nataka Kibibi aje awaonyeshe wanawe.

Tafuta mwanamke. Yuko Linet, mwenye studio ya picha karibu na stendi, ana mashine ya kurekodia diski. Zitolewe mbili, moja uniletee.

Mwanao,
Sumeiya


Barani, Malindi
27 Februari 2025

Sumeiya mwanangu,

Assalaam alaykum. Goti liko vile vile. Afya zenu?

Mbona wataka ya pili? Mtu mwenye nia ya kuja kwao haitishi picha. Na huko kwako utatazama na nani? Sitaki jibu, nimeuliza tu.

Nilikwenda kwa Linet. Ni binti Mgiriama, mkimya mno, na mtu mkimya mimi humchunga. Nilimtaka afunge mlango, ashushe pazia, anipe simu yake niishike. Aliipangusa kaseti, akaitia kwenye kamera, waya akaupeleka kwenye mashine ya diski. Runinga sikuitazama. Nilitaka nimwone Swafiya nyumbani kwangu, si dukani kwa watu. Nilitazama mikono ya Linet.

Kaseti ilipokwisha, mashine ikaandika kitu, naye akataka kubonyeza tena. Akasema imebaki hatua moja, diski ifungwe. Hatua gani, na kazi imekwisha? Nikajua anataka kubaki na nakala. Nikamwambia itoe. Akasema, "Mama, nisikize kidogo." Sikumsikiza. Nilipofika nyumbani nikaichoma kaseti kwa makumbi ya nazi, amana ya wenzangu isikae mahali pawili.

Kibibi alioga, akavaa vizuri, tukatia diski. Deki ikazunguka weee, ikaandika hakuna kitu. Amenibadilishia, Sumeiya. Amenipa tupu, ya Swafiya anayo yeye. Asubuhi nilikwenda nikamwita mwizi mbele ya wateja wake. Kibibi tangu siku ile hazungumzi na mimi.

Mamako


Muscat
9 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Nisamehe, leo sina salamu ndefu. Umeichoma kaseti?

Kosa ni langu, kuna jambo sikukwambia. Diski ya aina ile lazima ifungwe mwisho. Linet alitaka kuiambia mashine kwamba kazi imekwisha, ipate kuandika mwanzoni mwa diski kila kitu kilipo. Bila hivyo huisoma mashine iliyoiandika tu, na deki nyingine huiona tupu. Si tupu, Mama. Swafiya yumo mle ndani. Usiikwaruze, usiiweke juani, usimpe mtu mwingine ajaribu. Ni mashine ya Linet pekee. Nenda ukamtake radhi.

Na mume wangu hangetazama. Ningetazama peke yangu, kwa sababu sikuwahi kumuaga dadangu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Sumeiya


Muscat
20 Aprili 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Mbona kimya? Nikipiga, Kibibi hupokea, husema umetoka, hukata. Kuna kitu mnanificha. Umeivunja? Linet amekataa? Kama imeharibika niambie tu, nilie nikijua ninalolilia.

Mwanao,
Sumeiya


Barani, Malindi
6 Mei 2025

Mwanangu Sumeiya,

Marahaba. Sisi wazima, alhamdulillahi.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na haya. Studio niliikuta imefungwa. Wakasema Linet amehamia Gongoni, kwa mumewe afanyaye kazi kwenye kiwanda cha chumvi. Nikasema ndiyo, amekimbia na kitu chetu. Siku nyingi nilishikilia hilo. Kisha Kibibi akaniuliza, "Bibi, wewe ungekaa mahali ulipoitwa mwizi?"

Tukaenda, na deki nikaibeba. Tulimkuta uani anafua. Nikamwambia, "Linet mwanangu, nilikutukana bure, nakuomba radhi." Akasema, "Kalani. Nianike kwanza." Tukakaa mpaka nguo ya mwisho. Hakuwa na haraka nasi, na ni haki yake.

Mashine aliitoa chini ya kitanda, imefungwa leso, chumvi isiile. Alipotia diski, moyo ukaniambia ataifuta alipe kisasi. Mungu anisamehe, niliusogelea mkono wake. Akanitazama, akasema, "Bonyeza wewe." Nikabonyeza.

Ilipokwisha tuliitia kwenye deki yangu. Swafiya amekaa, asumini kichwani, amekunja uso, anasema, "Nani amechukua viatu vyangu? Sitaki mchezo." Kwa ukali kabisa. Mimi nilikuwa nimesahau kuwa alikuwa mkali. Kibibi akanishika mkono akasema, "Bibi, ni sauti yangu." Ndiyo yake, Sumeiya. Miaka yote naisikia jikoni kwangu, na sikuitambua. Nililia mpaka Linet akaja kunishika mabega.

Tukaunganisha deki na mashine, tukatoa ya pili. Linet akaifunga mwenyewe, na safari hii sikusimama nyuma yake. Nimemwachia yeye, ikae nyumba nyingine, ya kwangu ikipatwa na lolote. Ameitia kwenye sanduku la nguo zake, asiloligusa mumewe. Wale wenzangu niliwaapia haitatoka kwangu, lakini kwa Linet sasa nahesabu ni kwangu.

Ya kwako hakuna, wala sitaitoa. Hukuwahi kumuaga dadako, basi njoo umsikie. Kibibi ameapa hatazami tena mpaka ufike. Nami diski nimeificha, kwa sababu kiapo chake sikiamini.

Mamako