Karatasi ya Damu ya Bi Waridi na Radhi Zilizoombwa Mapema

UMOJA WA MAJIRANI, TIMBWANI

Kumbukumbu za kikao cha dharura kilichofanyika Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, barazani kwa Mwenyekiti, kuanzia saa kumi alasiri.

Waliohudhuria:
Mzee Boga – Mwenyekiti
Mueni – Katibu
Najib – mjumbe, wakala wa kutoa mizigo bandarini Kipevu
Samiha – mjumbe
Bi Waridi – mjumbe, na mwenye jambo

Mwalikwa: Roseline, muuguzi, mpangaji wa Mwenyekiti

Waliokosa: Elkana (yuko zamu, alitoa udhuru), Dhahabu (hakutoa udhuru, kama kawaida)

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kwa dua, kisha Katibu akaombwa aongeze sala ya upande wake, akaongeza. Mwenyekiti alieleza kwamba ajenda ni moja tu, nayo ni karatasi ya majibu ya damu ya Bi Waridi pamoja na yote yaliyofuata. Aliomba wajumbe wasipandishe sauti. Ombi hilo lilizingatiwa kwa takriban dakika nne.

KUMB. NA. 2/6/2025: JINSI KARATASI ILIVYOSOMWA

Bi Waridi alieleza kwamba kwa wiki kadhaa amekuwa akiishiwa pumzi kila akipanda kutoka feri. Alikwenda kupimwa damu kwenye kliniki moja ng'ambo ya feri. Daktari aliitazama karatasi, akamwambia arudi Jumatatu tarehe 16, akaita mgonjwa mwingine. Mwenyekiti alipomuuliza kwa nini hakutaka maelezo, alijibu: "Nimuulize daktari? Mwenyewe ashainamia simu yake."

Karatasi ilipelekwa kwa Najib, kwa kuwa yeye hushinda akisoma makaratasi ya Kiingereza. Najib alikiri kwamba aliona tarakimu nne zimetiwa nyota na rangi nyekundu. Alieleza kwamba kazini kwake karatasi ikishapigwa nyekundu, mzigo hautoki. Kwa hiyo alimwambia Mwenyekiti faraghani kwamba "hapa hapana kutoka." Mwenyekiti alimwambia mkewe faraghani. Kufikia Isha mtaa mzima ulikuwa umeambiwa faraghani.

KUMB. NA. 3/6/2025: RADHI

Ilithibitishwa kwamba Jumatano na Alhamisi wajumbe walimwendea Bi Waridi mmoja mmoja kumwomba radhi, kama anavyofanyiwa mgonjwa anayedhaniwa hana siku nyingi. Samiha alimkiria kwamba sufuria kubwa ya pilau iliyopotea Idd ya mwaka juzi, ambayo aliapa hajaiona, iko uvunguni mwa kitanda chake. Katibu alikiri kwamba ndiye aliyewafungia kuku wa Bi Waridi siku mbili kwa kuwa walimparulia sukuma wiki. (Katibu hakuona haja ya kuliandika hili; Mwenyekiti aliagiza liandikwe.) Jambo alilokiri Mwenyekiti halitaandikwa, kwa agizo la Mwenyekiti.

Bi Waridi aliwasamehe wote. Kisha alianza kugawa vitu vyake. Kuku wake watatu alimpa Samiha. Mwisho alitangaza kwamba Jumatatu haendi kokote, kwa kuwa hukumu yake keshaijua.

KUMB. NA. 4/6/2025: MAELEZO YA MUUGUZI

Roseline alisema hatataja Bi Waridi anaugua nini, kwa sababu yeye si daktari wake, na karatasi peke yake haitoshi kusema. Alionyesha kwamba kando ya kila tarakimu kumeandikwa kiwango cha kawaida. Nyota humaanisha tu kwamba tarakimu imetoka nje ya kiwango hicho, juu au chini, kidogo au sana. Huenda likawa jambo dogo, huenda likataka kushughulikiwa haraka, na ndiyo maana mtu huambiwa arudi. Alisisitiza kwamba kutokwenda Jumatatu ni kubaya kuliko nyota zote nne.

Najib aliuliza kama kosa ni lake. Samiha alisema ndiyo. Najib alisema yeye aliombwa kusoma, hakujiombea. Mwenyekiti alikubali kwamba aliyempa kazi hiyo ni yeye. Ilichukua muda kukubali.

KUMB. NA. 5/6/2025: OMBI LA SAMIHA

Samiha aliomba radhi yake ihesabiwe kuwa haikuombwa, kwa kuwa iliombwa kwa taarifa isiyo sahihi. Katibu aliuliza kama ombi linahusu na sufuria. Samiha alimwambia Katibu aandike, asiulize.

Bi Waridi aliomba nafasi. Maneno yake yanaandikwa kama alivyoyasema: "Mulinijia nyote, mukalia, mukaniachia siri zenu. Hapana hata mmoja alouliza, Waridi, wasikiaje? Mie naogopa, wallahi. Naogopa kwenda, naogopa kutokwenda. Karatasi ina jina langu, na mie ndiye pekee nisoijua."

Katibu anaandika kwamba aliona haya, na hakuwa peke yake. Samiha aliondoa ombi lake, akahamia kiti cha karibu na Bi Waridi, akamshika mkono.

KUMB. NA. 6/6/2025: MAAZIMIO

Bi Waridi alisema atakwenda, ila si peke yake. Iliamuliwa Samiha amsindikize. Maswali yaliandikwa nyuma ya karatasi jinsi Bi Waridi alivyoyatamka: tarakimu hizi ni za kitu gani mwilini mwangu, zimetoka kiasi gani, nifanye nini, na nitajuaje kama napata nafuu. Roseline alimshauri asinyanyuke kitini kabla hajamrudishia daktari maelezo kwa maneno yake mwenyewe. Asipoelewa aseme hajaelewa. Yalifanyika mazoezi, Mwenyekiti akiwa daktari. Mwenyekiti alishindwa na swali la kwanza.

Iliamuliwa pia kwamba karatasi ya hospitali ya mjumbe yeyote isisomwe tena na asiye wa kazi hiyo. Najib aliunga mkono kabla hajaulizwa.

Kikao kilifungwa saa kumi na mbili kasoro robo, ili wanaoswali wawahi Magharibi.

NYONGEZA, Jumanne tarehe 17 Juni

Samiha aliripoti kwa Katibu kwamba walikwenda. Daktari alianza kusema arudi baada ya wiki mbili. Bi Waridi aliigeuza karatasi akasoma swali la kwanza. Daktari aliweka simu chini, akavuta kiti, akaeleza kwa Kiswahili mpaka akachora. Damu yake imepungua kwa kukosa madini ya chuma. Atakunywa vidonge kwa miezi mitatu, na atapimwa kipimo kimoja zaidi kujua damu inapotelea wapi. Daktari alisema wamewahi, na kwamba inatibika.

Bi Waridi alimrudishia maelezo yote isipokuwa jambo moja. Daktari akamuuliza, "Na chai, mama?" kwa kuwa vidonge hivyo havinywewi pamoja na chai. Bi Waridi alijibu kwamba hilo alilisikia, ila alitumai daktari amelisahau.

Kutoka feri alipitia kwa Samiha. Alichukua kuku wake wote watatu, akaondoka na sufuria. Akamwambia radhi iko palepale.

Kumbukumbu hizi zilisomwa mbele ya waliotia sahihi hapa chini:

Mwenyekiti: Boga
Katibu: Mueni
Mwenye jambo: Waridi, ambaye alitaka asomewe zote toka mwanzo, akauliza maswali mawili, akajibiwa, ndipo akatia sahihi.