Mstari wa Mzaramo Mvivu

Shija, mtani wangu,

Sijui nianze kwa salamu gani, maana habari za huko uliko sina haki ya kuuliza, na za huku ungesema umezichoka. Nakuandikia kwenye meza yako, hapa kwenye duka letu la kompyuta na fotokopi, na kile kiti chako kinachoegemea upande mmoja bado sijakipeleka kwa seremala. Miezi minane sasa. Wateja wameacha kuuliza yule kaka yuko wapi. Hilo limeniuma kuliko nilivyotarajia.

Kwanza niungame. Siku ya mazishi nilikuangusha. Mimi Mzaramo, wewe Mnyamwezi, na watu wote pale kijijini kwenu Isikizya walikuwa wakinitazama, wakisubiri nifanye kazi ya mtani: nilizuie jeneza njiani, niige ulivyokuwa ukitembea kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, niwaambie wafiwa wapunguze kelele, alikuwa mbishi huyu, aende. Wazee wetu walianza kutaniana kwenye njia ya msafara, wako wakishuka Pwani na pembe za ndovu mabegani, wangu wakiwapokea na kuwapunja chumvi, na hadi leo msiba bila mtani haujakamilika. Nami nilisimama nyuma ya watu nikalia. Shangazi yako akanishika mkono akasema, "Mtani gani wewe unalia kama ndugu?" Nisamehe.

Sasa sikiliza habari ya baba yako.

Mvua za mwanzo zilikuja na radi, ikaiunguza kompyuta yake. Maandishi yake yalipona kwa sababu ulimzoesha kuyaweka kwenye flashi kila Jumamosi. Nilimpelekea laptopu niliyoipata hapa mjini, iliyotumika lakini nzima, nikadhani nimemaliza. Kumbe ile programu ya kuandikia uliyomtengenezea, yenye herufi kubwa kama za kwenye bango, ilikataa kabisa kufunguka kwenye mashine mpya. Na mzee macho yake hayasomi tena herufi za kawaida. Unajua anachoandika: yale aliyosimuliwa na babu yake mpagazi, kambi baada ya kambi, kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, wapi palikuwa na maji, wapi waliimba, wapi walimzika nani. Hakuna mtu mwingine anayeyajua. Bila programu yako kazi hiyo ingeishia njiani.

Bahati nzuri hukuianzisha kutoka hewani. Uliichukua programu huria, ya watu tusiowajua walioacha msimbo wake, yale maagizo yanayoiendesha, wazi kwa yeyote atakaye kuubadili, ukaipunguza na kuikuza herufi mpaka ikamfaa mzee mmoja wa Isikizya. Msimbo wako niliukuta kwenye flashi nyekundu ndani ya droo. Ilibaki kuukompaili upya, kuugeuza uwe programu inayofunguka. Kazi hiyo siku zote ulifanya wewe, mimi nikiwa pembeni na maneno mengi.

Nilipoandika amri ya kwanza, skrini ilijaa makosa mpaka juu. Nikataka kuizima. Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukisema: "Soma kosa la kwanza tu. Hayo mengine ni ndugu zake, wamekuja msibani." Nikasoma la kwanza. Kulikuwa na kipande kimoja ambacho programu inakitegemea na kwenye mashine mpya hakipo. Nikakishusha mtandaoni, mtandao ukikatika na kurudi, nikajaribu tena, makosa yakapungua nusu. Kesho yake kosa jingine la kwanza. Siku ya nne yakaisha yote. Nililiita jina lako kwa sauti, Shija. Mama mmoja aliyekuja kupiga fotokopi ya cheti alirudi nyuma hatua mbili.

Katika siku hizo nne ndipo nilipofanya kosa langu mwenyewe.

Unaujua msimbo wako ulivyo. Kila baada ya mistari michache umeweka maneno ambayo kompyuta huyaruka, ya binadamu kumwambia binadamu mwenzake. Wengine huandika hapo maelezo ya kazi. Wewe uliandika utani. "Hapa pagumu, Mzaramo akacheze ngoma kwanza." "Mwantumu akielewa hapa nampa kuku." Kuona jina langu nilicheka peke yangu mpaka kicheko kikageuka kilio. Mahali pamoja ulikuwa umeweka namba ndogo ukaiita uvivu_wa_mzaramo, na juu yake umeandika: "Mzaramo mvivu, mpe muda apumzike. Ukifuta hii utanililia." Nikaitazama mistari iliyofuata. Ilikuwa inaifanya programu isubiri kidogo baada ya kila herufi, chini ya kufumba na kufumbua jicho, na kama ndani ya muda huo herufi ileile imekuja tena, iitupe. Sikuona faida yake. Nikasema, huyu hata amekufa bado anajaza mizaha kwenye kazi ya mzee. Nikafuta yote, namba pamoja na mistari yake, nikajisifu kwamba nimesafisha.

Dukani programu ilikwenda vizuri kabisa. Nilipoifikisha Isikizya ikagoma. Baba yako anaandika neno moja, zinatoka herufi mbilimbili, mahali pengine tatu. Siku ya kwanza alicheka. Ya pili alikuwa anafuta na kuandika upya, anafuta na kuandika upya, asubuhi nzima akatoka na sentensi mbili. Mimi nilibadilisha kibodi, nikapuliza vumbi, nikaiendesha programu mstari kwa mstari nikiifuata kila herufi inapoingia. Nikiandika mimi, moja inaingia moja. Akiandika yeye, zinajaa. Kila juma nilikwenda, kila juma nikarudi mjini mikono mitupu. Nilikuwa nimekodoa macho kwenye skrini tu, kama ulivyonifundisha.

Wiki ya tatu nikamkuta ameifunika laptopu kwa kitambaa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Kisha akasema, "Mwanangu, iache. Kichwa changu kimeanza kuharibika, hata herufi sizijui tena. Babu yangu naye aliishia hivihivi. Wape wajukuu waende nayo shule." Alisema kwa upole, Shija, na rozari ameizungusha mkononi. Sijawahi kumwona mzee akijiona mdogo namna ile. Nilitamani aniseme, anifukuze, chochote kile.

Dada yako akaleta chai. Kikombe kilikuwa kimejaa. Baba yako akakiinua, kikaanza kugonga sahani, chai ikamwagikia mezani, naye akakiwahi kwa mikono miwili haraka na kunitazama kama mtu aliyefumwa. Nikajifanya natafuta kalamu kwenye mkoba.

Nilikukumbuka wewe na birika. Miaka yote, tukifika kwenu, chai ya baba yako ulimimina mwenyewe, nusu kikombe, ukamwongeza nusu nyingine akimaliza. Nami nilikutania mbele ya watu kwamba Wanyamwezi ni wabahili hata wa maji ya moto. Ulicheka na wote, ukaniacha niamini.

Kumbe vidole vyake vilikuwa vikigusa kitufe mara mbili bila yeye kujua, na ile namba ilikuwa inaitupa ile ya pili. Ilikuwa ya mikono yake. Uliiita kwa jina langu ili yeyote atakayeusoma msimbo, hata mimi niliyekaa nawe meza moja miaka sita, asijue kwamba mzee anatetemeka.

Nilikasirika, nakuambia ukweli. Nilitoka nje nikasimama kwenye jua nikikugombeza. Ungeniambia tu! Wiki tatu mzee amejiona anapotewa na akili kwa sababu mimi nilidhani unatania. Halafu nikafikiri, kama ungeniambia ningekuwa natazama mikono yake kila nikiingia, na yeye angeona ninavyoitazama. Hasira ikaisha, nikabaki na hamu ya kukuona tu.

Nakala yako ya kwanza ilikuwa bado kwenye ile flashi nyekundu, nami nilikuwa nayo mkobani. Nikairudisha mistari yote, na maneno yako juu yake, nikakompaili palepale mezani kwake. Mzee hakutaka kukaa. Nikamwambia, "Baba, kompyuta ndiyo iliyokuwa na hitilafu. Nimeipata." Akaniuliza, "Una hakika si mimi?" Nikamwambia nina hakika. Sikumwangalia machoni. Sijawahi kumdanganya mzee wa watu maishani mwangu, na ule uongo ningeurudia hata sasa hivi.

Akakaa. Akaandika jina la kambi, kidole kimoja kimoja, kisha sentensi nzima, na kila herufi ikatoka moja. Akaisoma kwa sauti. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akasema, "Nilidhani ndiyo basi." Alipoitwa kula alisema anakuja, na hakwenda mpaka ugali ulipopoa. Dada yako alisimama mlangoni akimtazama.

Sasa hivi msafara wake umeingia Ugogo. Maji yamewaishia, na kuna mpagazi mmoja anayekataa kuendelea. Ananisomea kila Jumamosi, na nikimwambia Wazaramo tunawasubiri huko mbele na mizani ya chumvi, anacheka mpaka anakohoa. Wewe hakutaji sana. Ila akifika mahali pazuri huinua uso kutazama mlango.

Jumamosi iliyopita niliona zimeanza tena, herufi mbilimbili, chache, mwisho wa ukurasa alipokuwa amechoka. Mikono imezidi. Nilimwambia naikagua mashine, nikaiongeza ile namba kidogo, nikakompaili, nikamrudishia. Akaendelea kama kawaida. Anaandika polepole, kwa hiyo hata ikiongezeka haitamlia herufi zake za halali.

Nakuahidi nitaendelea hivyo. Mikono ikizidi nitaongeza, ikizidi tena nitaongeza tena, mpaka afike Bagamoyo, na hatajua. Dukani anayeuliza uvivu_wa_mzaramo ni nini namwambia ni mimi, ndivyo nilivyo. Kaburini kwako nitakuja baada ya mavuno, na safari hii nitapiga kelele za mtani mpaka shangazi yako anifukuze.

Lala, Shija. Mikono ya baba yako niachie mimi.

Mtani wako,
Mwantumu