Ulivyomwambia Kamau Tunavumilia

Baba,

Nimekukasirikia. Machozi nilikuwa nayo, yakaisha ule mwezi wa kwanza baada yako. Kilichobaki ni hasira, na kwa kuwa huwezi tena kujifanya umelala nikianza kukugombeza, leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Nianze na mazishi yako. Watu walijaa hapa nyumbani Bahati mpaka tukaazima viti vya kanisa na bado wengine wakasimama kwenye shamba la mahindi. Karibu kila aliyenishika mkono aliniambia jambo lile lile: "Pole Wanjiru. Angalau sasa umepumzika." Nimepumzika! Kama mtu aliyetua gunia la viazi. Halafu Kamau, kifungua mimba wako, akapewa maikrofoni. Akawaambia watu wote kwamba Baba aliteseka miaka mingi kitandani, na dada yake amepoteza maisha yake akimhudumia, Mungu atamlipa. Watu wakaguna kwa huruma. Mimi nilikuwa nimekaa mbele na Mama, nikatamani kusimama nimnyang'anye hiyo maikrofoni. Mateso gani? Kitandani wapi? Mtu aliyekuwa akiniibia vifuniko vya soda?

Unajua ninachosema. Ule ugonjwa wa kupooza ulipokuondolea nguvu za upande wa kulia, niliacha kazi ya shamba la maua Naivasha, nikafunga chumba changu cha kupanga huko Karagita na kuja nyumbani. Nilikuja nikilia njia nzima, sitakuficha. Nilidhani nimekuja kukesha na mgonjwa. Nikakuta mzee anayetaka kucheza drafti. Tulicheza kila jioni, vifuniko vya soda ndivyo kete, nawe ukitumia mkono wa kushoto, na huo mkono uliobaki ulikuwa mjanja kuliko ile miwili ya zamani. Nikigeuka tu kumsaidia Mama kuinuka, kifuniko changu kimoja kinaingia chini ya blanketi. Asubuhi nikikunja blanketi vinamwagika sakafuni, na wewe unashangaa vimefikaje huko, labda ni paka.

Na kuoga je? Nikikumwagia maji moto mgongoni tu, unaanza wimbo wa kanisa kwa sauti ya kutikisa mabati. Jirani yetu Mama Chebet, akiwa upande wa pili wa ua, alijua Mzee anaogeshwa, akawa anakuitikia kutoka shambani kwake huku analima. Ubeti wa pili hukuujua. Uliurudia ule wa kwanza mpaka sabuni iishe, na nikikwambia tumemaliza unasema bado hatujafika kwa amina.

Kisha ile habari ya kura. Wewe na Mama hamkuwahi kupatana na herufi l. Mkiiita, inaitika r. Kwa hivyo nyumba hii haijawahi kula, imekuwa ikipiga kura tu. "Mami, saa ya kura bado?" Ulikuwa ukiniita Mami kwa sababu nina jina la mama yako, na nilipenda kuitwa hivyo hata na mtu anayeniuliza mbona viazi havijaiva. Wakati wa kampeni, magari yenye vipaza sauti yakipita hapo barabarani, ulisema wewe unapiga kura mara tatu kwa siku na hakuna mtu amewahi kukuibia hata moja. Mama alicheka akamwaga uji wote, na mimi nikapangusa sakafu nikicheka.

Hayo ndiyo maisha niliyopoteza, kama anavyosema Kamau. Lakini Kamau simlaumu sana, kwa sababu huo uongo aliupata kwako.

Ndiyo, kwako. Simu yake ikilia Jumapili baada ya kanisa, ulifanya nini? Kwanza ulikohoa. Ulikohoa, Baba, na kifua chako hakikuwa na kitu. Halafu ukashusha sauti mpaka chini kabisa: "Tunavumiria tu, kijana yangu. Tunavumiria." Na Mama hapo kando bado anajipangusa machozi ya kicheko! Binti yako Njeri akipiga kutoka Eldoret, ni vile vile. Kikohozi, kisha tunavumilia. Niliwahi kukuuliza mbona unawaficha watoto wako kwamba tuko sawa. Ukaniangalia kana kwamba mimi ndiye mtoto mdogo kuliko wote. "Ukiwaambia tuko sawa, hawatakuja."

Ulifikiri huruma itawaleta. Baba, huruma haikuwaleta. Huruma ilituma salamu, ikatuma unga na nepi za wazee, ikasema iko na kazi nyingi ofisini. Nani anapenda kuja mahali ambapo kila Jumapili anaambiwa kuna mateso? Wangejua kuna mtu anaiba vifuniko, wangekuja hata bila kualikwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa uliutoboa wewe kwa mdomo wako, na ukuta umeniachia mimi.

Sasa sikiliza ulichosababisha. Jumamosi iliyopita walikuja: Kamau, mke wake, na Njeri. Walikuja na keki. Niliona keki nikajua kuna jambo. Tulikaa sebuleni, Mama kwenye kiti chake cha dirishani, na Kamau akaanza kuongea kwa ile sauti ya mikutano. Kwamba wamefikiria. Kwamba mimi nimefanya kazi kubwa na nisiendelee kuumia. Kwamba Mama atahamia kwake Ruiru, kuna chumba cha chini hakina ngazi, na kuna msichana wa kazi. Hii nyumba itafungwa. Na mimi niende nikaanze maisha. Nikaanze! Nikamuuliza ni nani aliyemwambia ninaumia hapa. Akasema bila ubaya wowote, na hilo ndilo liliniuma zaidi, "Si Baba mwenyewe alikuwa anasema? Kila Jumapili alisema mnavumilia."

Ningesema nini? Kwamba Mzee, ambaye tumemzika majuzi, alikuwa mwongo? Nilijaribu kuwaeleza kuhusu drafti na nyimbo, lakini nilikuwa nimekasirika, na mtu aliyekasirika akisema alikuwa na furaha hakuna anayemwamini. Njeri akanishika goti akaniambia anaelewa, nimechoka. Nilitaka kumpiga na kile kisu cha keki, upande wa mpini.

Kamau akasema basi tusigombane mbele ya Mama, tupige kura tumalize. Tuinue mikono. Wakainua wao watatu. Mimi sikuinua wangu, niliukalia.

Ndipo Mama akasema kutoka dirishani, "Na mimi nataka kura."

Mke wa Kamau, mtoto wa watu ana roho nzuri, akaruka. Akaomba msamaha kwamba tumemchelewesha Mum. Akaenda jikoni akarudi na sahani ya mukimo na nyama. Mama akaitazama ile sahani, akasema tena, "Nataka kura." Kamau akamwambia mkewe labda ni kidogo, amwongezee supu. Akaongezewa supu. Na mimi, Baba, mimi niliyesikia hilo neno miaka yote hiyo, mimi pia niliinuka kwenda kumkatia nyama vipande vidogo!

Mama aliiweka sahani chini, sakafuni, polepole, paka akaja mbio. Kisha akainua mkono wake juu kabisa, kama mtoto wa darasa la kwanza anayejua jibu, akakaa hivyo. Unajua bega lake lilivyo. Hauinui huo mkono hata kuvaa sweta bila mimi. Njeri ndiye aliyeelewa kwanza, akafunika mdomo.

Kamau akamuuliza, taratibu sasa, kwani Mum unataka iwe vipi. Mama akanielekezea kidevu. "Mimi nikienda Ruiru, huyu ataangariwa na nani?"

Mke wa Kamau alianza kucheka, akaacha. Mimi nilisimama na kisu na uma mkononi. Nataka kukuambia ukweli, nilimkasirikia hata Mama kidogo. Mimi ndiye ninayeangaliwa? Mimi ninayemuosha, ninayempaka dawa ya magoti, ninayemshika mkono kwenda chooni? Lakini yeye aliendelea, akiwaeleza wenzangu kana kwamba sipo. Kwamba tangu Mzee aende huyu hapiki chake, anapika cha mama yake tu. Kwamba yeye hujifanya ameshiba, asukume sahani kwangu, ili nimalize nisitupe chakula. Kwamba huniita usiku, si kwa sababu anataka maji, ni kunisikia kama bado nalia. Na nilikuwa nikiamka nikimletea hayo maji, Baba, nikinung'unika.

Hakuna aliyezungumzia Ruiru tena. Kamau alisema Mum atabaki, akasema kwa ufupi, akatoka nje akajifanya anaangalia magurudumu ya gari. Nikamfuata. Nilikuwa nimepanga kumpa maneno yake yote, ya mazishi na ya siku hiyo. Badala yake akaniuliza ile drafti ilikuwaje. Nikamweleza. Nikamweleza blanketi, na paka kusingiziwa, na Mama Chebet akiitikia na jembe mkononi, na kutofika kwa amina. Alicheka akiegemea gari. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, mwanaume mzima na mvi zake. Akaniuliza, "Mbona hakuniambia?"

Hilo ndilo ninalokasirikia, Baba, sasa umelijua. Si Ruiru, wala si keki. Kamau naye alikuwa na baba anayechekesha, na wewe ukampa yule wa kukohoa. Ukamnyima kicheko chako kwa kumtaka aje. Angekuja. Nakuapia angekuja, angalau mara moja moja, na angekukuta mzima na vifuniko vyangu chini ya makalio. Sasa ananiuliza mimi, na mimi sina jibu, na mwenye jibu amelala pale karibu na mparachichi akijifanya hasikii.

Hapa naishia. Mama ananiita ndani, anasema hapa nje kuna baridi na sijavaa sweta. Naenda kuvaa. Siku hizi nikiitwa naenda.

Lala, Mzee. Hasira yangu haijaisha, na usiniharakishe. Kaburi lako nitalipalilia hivyo hivyo nikiwa nimenuna. Lakini nakuahidi hili: Jumapili simu ikilia, naishika mimi. Sitakohoa. Nitamwambia Kamau tumecheka, nimwambie na kilichotuchekesha, mpaka aone wivu, aje.

Mami wako,
Wanjiru