Kunguru Mbele, Kabati Nyuma

Jumatatu, 4 Machi

Kiuno cha mjomba kimegoma. Kisa? Friji ya mtu! Basi wiki hii kazi yake ya kuhamisha vyombo iko mikononi mwangu — mimi, niliyeachana na shule kabla shule haijaachana nami! Sharti moja tu: Jumamosi lishuke kabati la bibi wa ghorofa ya tatu, lile la harusi yake, na lifike zima. Likifika, mimi ndiye msimamizi moja kwa moja. Likipata mkwaruzo, narudi kufunga maboksi. Rahisi! Nimeshaanza kutembea kama msimamizi.

Jumanne, 5 Machi

Siku mbovu. Vibarua wa mjomba ni watatu, wote kwa majina ya utani: Redio, Kobe na Kunguru. Redio nilimpa vikombe — anaongea, anageuka, kikombe chini. Kobe nikamwambia akimbize magodoro. Kobe, akimbie! Kunguru nikamshikisha meza, akaziona ngazi, akaogopa, akaachia. Juu ya mguu wangu! Nimewafokea wote mpaka sauti imekauka.

Jioni mke wa mjomba kaniwekea mguu kwenye maji ya chumvi huku anacheka. Eti nateka maji kwa pakacha, kisha nalitukana pakacha. Nikamwambia mimi nahamisha vyombo, siteki maji. Kacheka zaidi. Ila neno limeniganda.

Alhamisi, 7 Machi

Mimi ni fundi wa watu! Kobe sasa anafunga vioo — polepole, kama anamvisha mtoto mchanga. Hakuna kilichovunjika. Redio kazi yake ni mwenye nyumba tu: amkalishe, ampigishe soga, asije kutusimamia mlangoni na "taratibu jamani!" zake. Na Kunguru — huyu ndiye kiboko — anatangulia mikono mitupu. Yule anaona hatari hata kwenye zulia! Kaona msumari, kaona kidato chenye maji, kaona kiatu cha mtoto. Si wanasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake? Sasa anakimbiza na za kwetu.

Wazo la nani? Langu! (Pakacha halihesabiki.)

Tatizo dogo: kila mtu na kipaji chake, mabega yamebaki yangu peke yangu. Kobe atanisaidia akimaliza. Akimaliza!

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nimekaa ngazini. Kabati limekwama konani, ghorofa ya pili, mimi nipo upande wa juu. Kupita hakuna.

Kunguru alisema, "Simama, bosi." Sikusimama. Mabega yote haya ya nini? Nikasukuma. Krrr! Ubavu wa kabati ulio ukutani hakuna aliyeuona bado.

Huko juu Redio anamchekesha bibi, hawana habari. Chini Kobe anafungua miguu ya kabati, skrubu moja... moja... Kunguru anapima kona kwa viganja. Kaniambia nisiguse kitu. Mimi! Na nimetii.

Mlango wa chini umelia. Fimbo — ko, ko. Mjomba!

"Nani anaongoza huko juu?"

Hata Kobe kaacha skrubu. Kunguru kanichungulia kwenye upenyo, macho kama kaona moto.

Nikajibu, "Kunguru, mjomba. Msikilize yeye. Mimi nabeba tu."

Fimbo imesimama.

Kunguru kakohoa. "Haya bosi, inua. Kidogo tu. Na safari hii nikisema simama —"

Nasimama. Kalamu mfukoni.